Makamu ndiye mkuu: namna mwanazuoni anavyokifikia kiti cha kuongoza chuo cha ushirika

Baba mkubwa alishuka kutoka Kibosho na daladala ya kwanza, amevaa lile koti lake la harusi, kuja kumwona bintiye akihitimu katika Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Tulipata viti nyuma kabisa ya hema, pale ambapo spika inakwaruza kuliko inavyosema. Maandamano ya wanataaluma yalipoingia, majoho ya kila rangi na kofia zenye vishada, akanigusa kiwiko.

"Yule aliyekaa katikati, mwenye joho linalometameta, ndiye mwenye chuo?"

"Hapana baba, yule ni Mkuu wa Chuo."

"Sasa si ndiye?"

"Anayeendesha chuo ni huyo wa pembeni yake. Makamu Mkuu."

Akanyamaza kidogo, akanitazama kwa ile huruma ambayo wazee huwawekea akiba waliosoma sana. "Kwa hiyo makamu ndiye mkuu, na mkuu siye mkuu. Haya."

Mzee huyu amekuwa mwanachama wa chama cha msingi cha kahawa tangu enzi za baba yake. Anajua katibu hufanya nini, mwenyekiti hufanya nini, na mhasibu akikosekana kinatokea nini. Chuo kinachowafundisha hao wote kipo umbali wa nauli moja ya daladala kutoka kihamba chake, ila hajui nani anakiongoza, alifikaje pale, wala anapimwa kwa kipimo gani. Simlaumu. Hata sisi tuliopita madarasani humo tulimjua Makamu Mkuu kama picha ukutani na saini kwenye cheti.

Tuanze na vyeo, kwa sababu ndivyo vinavyovuruga watu wengi. Vyuo vikuu vyetu vilirithi muundo wa Uingereza. Katika muundo huo Mkuu wa Chuo ni kiti cha heshima. Hukaliwa na mtu mwenye jina kubwa katika taifa, mara nyingi kiongozi mstaafu, ambaye huja siku ya mahafali, hutunuku shahada, hupigwa picha, hurudi kwake. Mtendaji ni Makamu Mkuu wa Chuo. Ndiye anayejibu kuhusu mishahara, mitihani, choo cha bweni kilichoziba na hoja ya mkaguzi. Chini yake wapo manaibu, kwa kawaida mmoja wa taaluma na mwingine wa mipango, fedha na utawala. Juu yake lipo Baraza la Chuo, ambalo ukilifananisha na bodi ya chama cha ushirika hujakosea sana. Pembeni ipo Seneti, kikao cha wanataaluma kinachoamua nani amefaulu, kozi gani ifundishwe na nani apewe shahada. Makamu Mkuu huongoza Seneti lakini hawezi kuiamrisha kama bwana shamba anavyoamrisha vibarua. Akijaribu, atagundua kwamba profesa mzee mwenye miaka miwili kabla ya kustaafu haogopi mtu.

Sasa panda basi uende Arusha, kilomita themanini hivi tu. Pale Njiro kuna Chuo cha Uhasibu Arusha. Huko Mkuu wa Chuo ndiye mtendaji hasa, ndiye anayekaa ofisini kila siku. Dodoma, katika Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, mambo ni hayo hayo: ukisema Mkuu wa Chuo, umemtaja bosi mwenyewe. Na hapo hapo Njiro ipo ESAMI, taasisi ya mafunzo ya uongozi inayomilikiwa na serikali kadhaa za mashariki na kusini mwa Afrika, na kiongozi wake anaitwa Mkurugenzi Mkuu. Vyuo vya aina tatu, majina matatu, kazi ile ile kwa sehemu kubwa. Tofauti inatoka kwenye sheria iliyozaa kila chuo: chuo kikuu kina Mkuu wa heshima na Makamu wa kazi, taasisi ina Mkuu wa kazi peke yake, na chombo cha nchi nyingi kina bodi ya mataifa na mkurugenzi wake. Kwa hiyo ukisoma gazetini kwamba fulani ameteuliwa kuwa Mkuu wa Chuo, tazama kwanza ni chuo cha namna gani kabla hujapiga simu ya pongezi. Unaweza kumpongeza kwa kazi ya siku moja kwa mwaka.

Ngazi na kiti

Jambo la pili linalochanganya ni kwamba njia ya kupanda vyeo vya ualimu wa chuo kikuu na njia ya kufikia kiti cha uongozi ni njia mbili. Zinapishana, zinagusana, lakini hazina kipimo kimoja.

Ngazi ya ualimu iko wazi kwa kiasi chake. Mwanafunzi anayemaliza shahada ya kwanza na ufaulu usiopungua 3.8 kati ya 5 anaweza kuajiriwa kama mhadhiri mwanagenzi, yule ambaye kila mtu chuoni anamwita TA. Kazi yake ni kuongoza semina, kusahihisha, kubeba projekta na kuambiwa "kijana, hebu njoo." Akipata shahada ya uzamili yenye ufaulu wa 4.0 kwenda juu, anakuwa mhadhiri msaidizi. Hapo ndipo mlango unapobana, maana hatua inayofuata inadai uzamivu. Akirudi na tasnifu iliyokubaliwa, anaitwa Daktari, na anakuwa mhadhiri. Kisha mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, na mwisho profesa kamili. Kati ya cheo na cheo hupita si chini ya miaka mitatu, na katika miaka hiyo lazima awe ameandika.

Ukipiga hesabu bila kukwama popote, kijana aliyeanza na miaka 24 angeweza kuwa profesa kamili akiwa na miaka arobaini hivi. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Katika maisha ya kweli ufadhili unachelewa, msimamizi wa tasnifu anahama chuo, mtoto anazaliwa, mama anaugua kule Rombo, makala inakaa mwaka mzima kwa wahakiki wa jarida kisha inarudi na barua ya mistari miwili. Wengi wanaofika uprofesa kamili wana mvi, na wengi zaidi wanastaafu wakiwa wahadhiri waandamizi. Hakuna aibu yoyote katika hilo, ingawa kwenye vikao vya ukoo mtu atauliza tu, "Bado hujawa profesa?"

Kinachohesabiwa zaidi katika ngazi hiyo ni maandiko. Makala katika jarida lenye wahakiki, sura ya kitabu, kitabu kizima. Kila andiko lina alama zake, na mkiandika watu wanne mnagawana alama. Ufundishaji nao hupimwa, na huduma kwa jamii hutajwa, lakini mwulize mhadhiri yeyote kitu kinachomnyima usingizi wakati wa kuomba kupanda cheo. Hatakwambia ni semina aliyowaendeshea makatibu wa vyama vya msingi huko Same. Atakwambia ni makala.

Kiti ni habari nyingine. Mkuu wa idara, kisha amidi wa kitivo, kisha mkurugenzi wa kitu fulani, labda masomo ya uzamili, labda utafiti: hivyo ni viti vya muda, mtu hukaa miaka kadhaa akaachia. Hapo ndipo wenzake wanapomjua. Anaweza kuendesha kikao kikaisha? Anasoma bajeti au anaisaini tu? Wahadhiri wakigombania ratiba ya vipindi, anawasikiliza au anajificha? Mtu anaweza kuwa na makala hamsini na akashindwa kuongoza idara ya watu tisa. Nimewahi kuiona idara ya namna hiyo, si lazima niseme wapi. Ilikuwa na profesa anayejulikana nje ya nchi na faili la malalamiko lenye unene wa msahafu.

Kiti cha juu kabisa katika chuo kikuu cha umma huhitaji vyote viwili: uprofesa, na ushahidi kwamba umewahi kushika kitu kikubwa bila kukiangusha. Mara nyingi nafasi hutangazwa, kamati huchuja majina, Baraza hupendekeza, na uteuzi wenyewe huwa wa mamlaka ya juu, ndiyo maana majina ya makamu wakuu tunayasikia kwenye taarifa za Ikulu. Watu husema ni siasa. Siasa ipo, kama ilivyo popote penye kiti. Ila ukitazama wasifu wa walioteuliwa, utakuta karibu wote wamepita idara, kitivo na unaibu. Ni nadra sana mtu akaruka kutoka darasani moja kwa moja hadi ofisi yenye zulia.

Chuo kilichozaliwa na kahawa

Kwa chuo cha ushirika mambo hayaishii hapo, na hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi.

Chuo cha Moshi hakikuwekwa Moshi kwa bahati. Mwaka 1925 wakulima wa Kichagga walianzisha chama chao cha wapanda kahawa, KNPA, chini ya Joseph Merinyo, wakati ambapo walowezi hawakufurahia kabisa kumwona Mwafrika akilima zao lile lile. Sheria ya ushirika ikatungwa mwaka 1932, na mwaka 1933 KNPA ikazaa KNCU, muungano wa vyama vya msingi ambao jina lake bado liko kwenye majengo ya mji huu. Kufikia Uhuru, ushirika ulikuwa umeenea hadi kwenye pamba ya Usukumani na kahawa ya Bukoba. Tatizo likawa watu: nani atashika vitabu, nani atakagua, nani atamweleza mkulima kwa nini malipo ya pili ni madogo kuliko ya mwaka jana? Januari 1963, mwaka mmoja na wiki chache baada ya Uhuru, Chuo cha Ushirika kikaanzishwa kujibu swali hilo.

Kumbuka kilianza chini. Kilifundisha makatibu, wahasibu, wakaguzi na maofisa ushirika, kwa kozi fupi, vyeti na stashahada. Mkuu wake enzi hizo alikuwa mtumishi wa serikali aliyejibu kwa wizara yenye dhamana ya ushirika. Hakuna aliyemwuliza ameandika makala ngapi. Aliulizwa wahitimu wako wapi na vyama vyao vinaendeleaje.

Kisha ikaja Mei 1976. Serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika, ikaweka mamlaka za mazao na vijiji badala yake. Jaribu kujiweka kwenye kiti cha mkuu wa chuo siku hiyo. Unaongoza chuo kinachofundisha watu kuendesha taasisi ambazo serikali yako imezifuta. Sheria ya mwaka 1982 ikazirudisha. Ya mwaka 1991 ikajaribu kuzipa uhuru kutoka kwa serikali na chama tawala. Ikaja ya 2003, halafu ya 2013 iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Katikati ya hayo, soko la kahawa likafunguliwa miaka ya tisini na wanunuzi binafsi wakaingia hadi milimani na mizani zao. Kila badiliko la sheria linamaanisha kozi zilizoandikwa jana zimechakaa leo. Mwalimu wa fizikia haamki asubuhi akakuta Bunge limebadilisha kanuni ya mvutano. Mwalimu wa ushirika hukuta, na amekuta mara nyingi.

Mwaka 2004 ndipo kipimo kilipobadilika. Chuo kikawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Ushirika na Stadi za Biashara, chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Miaka kumi baadaye, mwaka 2014, kikasimama chenyewe kama chuo kikuu kamili. Kwa mtu wa nje ni kubadilisha kibao getini. Kwa waliokuwa ndani ilikuwa kama kuhamishwa ligi mechi ikiendelea. Mkufunzi aliyejua kusoma vitabu vya hesabu vya AMCOS, yaani chama cha msingi cha wakulima, kuliko mtu yeyote mkoani alijikuta anahitaji uzamivu ili abaki mhadhiri. Kiongozi wa chuo, ambaye zamani alihitaji kuijua wizara, sasa alihitaji Seneti, Tume ya Vyuo Vikuu, ithibati ya kila programu, na orodha ya walimu wenye shahada za uzamivu.

Aliyekuwa Makamu Mkuu wakati chuo kinaanza maisha hayo mapya ni Profesa Faustine Bee, na baada yake akaja Profesa Alfred Sife. Ukitazama walichokitafiti kabla ya viti hivyo, utaona jambo. Bee aliandika tasnifu yake ya uzamivu kuhusu namna watu wa vijijini wilayani Babati wanavyopata, au wanavyokosa, huduma za fedha. Sife, mtaalamu wa taarifa aliyetokea Sokoine, alikuwa miongoni mwa waliochunguza simu za mkononi zilivyogusa maisha ya vijijini mkoani Morogoro. Fedha ya kijijini na simu ya kijijini. Hawa si watu waliokijua kijiji kwa kukiona kupitia dirisha la gari.

Nasisitiza hilo kwa sababu kiti hiki kinadai kitu cha tatu ambacho ngazi haikipimi vizuri, nacho ni kijiji. Chukua mfano mdogo. Mwanafunzi anafundishwa kwamba mkulima akipeleka kahawa yake chamani hupata malipo ya awali, kisha malipo ya pili baada ya mnada, na kwamba kwa jumla atapata zaidi kuliko akimwuzia mlanguzi. Kwenye ubao inaeleweka. Sasa mwulize kwa nini mkulima wa Kagera anauza kahawa ikiwa bado maua mtini, kitu wanachokiita butura, au kwa nini mkulima wa korosho kusini anamkimbilia mnunuzi wa kangomba, yaani wa magendo. Jibu la darasani ni kwamba hana elimu. Jibu la kijijini ni kwamba ada ya shule inadaiwa Januari, na mnada hauna habari na kalenda ya shule. Mwalimu asiyejua jibu la pili atazalisha maofisa ushirika wanaowahutubia wakulima. Kiongozi asiyelijua atapitisha mtaala unaowahutubia.

Wenzetu wa Anand

Tatizo hili si letu peke yetu. Mfano maarufu zaidi duniani upo katika mji mdogo wa Anand, jimbo la Gujarat, India.

Mwaka 1946 wafugaji wa wilaya ya Kaira, wakiongozwa na Tribhuvandas Patel, waliunda ushirika wa maziwa. Mwaka 1949 serikali ikamtuma huko mhandisi kijana, Verghese Kurien, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Marekani na alitakiwa kulipa fadhila ya ufadhili kwa kufanya kazi mahali asipopataka. Alikusudia kuondoka mara muda wake utakapokwisha. Hakuondoka. Kutokana na ushirika ule likatoka jina la maziwa ya Amul, na mwaka 1970 ukaanza mpango mkubwa wa kitaifa wa maziwa ambao uliifanya India kuwa mzalishaji mkubwa wa maziwa duniani.

Ushirika ulipokua, Kurien akakutana na swali lile lile la Moshi ya 1963, ila kwa sura nyingine. Wahitimu wa shule kubwa za biashara walitaka kazi za mijini. Wakija Anand hawakai. Hivyo mwaka 1979 akaanzisha chuo cha usimamizi wa vijijini, IRMA, hapo hapo Anand. Kilianzia juu, kwenye ngazi ya baada ya shahada ya kwanza, tofauti na chetu kilichoanzia chini kwenye cheti. Na kikaweka sharti ambalo mimi ningelinakili kesho: mwanafunzi huenda kuishi kijijini kwa wiki kadhaa kama sehemu ya masomo. Analala huko, anakula huko, anasikiliza. Wapo wanaorudi wamekonda, na wapo wanaorudi wamegundua kwamba kazi hii si yao, jambo ambalo ni heri kuligundua mapema.

Lakini Anand inatufundisha pia kuhusu kiti. Kurien hakuwa profesa. Alikuwa mwenyekiti wa bodi, na alikaa kwenye uenyekiti huo hadi mwaka 2006. Wanazuoni waliokuwa wakurugenzi wa chuo walifanya kazi chini ya mwasisi ambaye jina lake lilikuwa kubwa kuliko la chuo. Hilo lina faida, maana hakuna waziri wa kukuchezea. Lina gharama pia, na yeyote aliyewahi kurithi duka la baba wakati baba bado anakuja kukaa barazani kila asubuhi anaijua. Mwaka 2025 Bunge la India lilipitisha sheria iliyokigeuza chuo hicho kuwa chuo kikuu cha ushirika cha taifa, kikapewa jina la Tribhuvan, yule kiongozi wa wafugaji, na si la Kurien. Nadhani baba mkubwa angelipenda hilo.

Kwa upande wangu, mtu wa kusomwa zaidi katika habari hizi ni mwingine: Ravi Matthai. Alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa kudumu wa Taasisi ya Usimamizi ya Ahmedabad, mji usio mbali na Anand, tangu mwaka 1965. Mwaka 1972, chuo kikiwa kinang'ara na hakuna aliyemsukuma, akaachia kiti. Hakwenda ubalozini wala kwenye bodi ya benki. Alibaki pale pale kama profesa wa kawaida, akifanya kazi chini ya aliyemrithi. Alisema kwa matendo kwamba kiti ni zamu. Miaka michache baadaye akaenda Jawaja, eneo kame la Rajasthan, akafanya kazi na wafumaji na mafundi wa ngozi, akijaribu kuona kama elimu ya usimamizi inaweza kuwafaa watu wasio na kampuni. Mambo yalikwenda polepole na hayakuwa safi kama kwenye ripoti, lakini watu wale walijifunza kushughulika na soko wenyewe.

Huku kwetu kurudi darasani baada ya ukuu bado kunaonekana kama kushuka. Mtu akimaliza muda wake, majirani wanauliza "amepelekwa wapi?" kana kwamba kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza ni adhabu. Binafsi naona kinyume. Profesa aliyekuwa Makamu Mkuu, amekaa na mawaziri, ameona bajeti ikikatwa, amejadiliana na vyama vilivyofilisika, huyo akisimama mbele ya darasa la ushirika ana mengi ya kusema kuliko alipokuwa mhadhiri mwandamizi. Kumweka nyumbani ni kuacha ng'ombe wa maziwa afe kwa uzee bila kukamuliwa.

Siku ya kazi ya mwenye kiti

Watu hudhani Makamu Mkuu hushinda akisoma vitabu. Vitabu huwa anavisoma usiku, kama anavisoma. Mchana ni vikao. Mishahara ya watumishi hutoka serikalini, lakini kuendesha chuo kunategemea ada, miradi ya utafiti, ushauri elekezi, na fungu la matumizi mengineyo ambalo halifiki lote wala kwa wakati. Wanafunzi wengi wanategemea Bodi ya Mikopo, na fedha zikichelewa wao huja getini, hawaendi Dar es Salaam. Majengo mapya ya vyuo vikuu vya umma miaka hii yanatokana zaidi na mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 uliogawanywa kwa vyuo vingi, na kila senti ina fomu yake. Mkaguzi Mkuu wa Serikali anakuja kila mwaka. Chuo cha Moshi kina tawi Kizumbi, Shinyanga, na ofisi mikoani, kwa hiyo sehemu ya kazi hufanyika barabarani.

Halafu kuna watu wa ushirika wenyewe, ambao wanaona chuo ni chao. Mwenyekiti wa chama kikuu akiwa na mgogoro na bodi yake, anapiga simu chuoni. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ikitaka mafunzo ya mfumo mpya wa kidijiti wa kusimamia vyama, inapiga simu chuoni. Benki ya Ushirika ilipozinduliwa mwaka 2025, swali la nani atawaandaa wafanyakazi wanaoelewa tofauti ya mwanachama na mteja lilikuwa tayari mezani Moshi, hata kama hakuna aliyeliandika.

Utafiti wake binafsi, ule uliompa uprofesa, hulala. Makala aliyokuwa akiiandika kabla ya uteuzi hubaki kwenye kompyuta na jina la faili lenye neno "mwisho", kisha "mwisho2". Akimaliza miaka yake atakuta taaluma imesogea na wanafunzi wake wa zamani wamempita kwa maandiko. Hiyo ni bei ya kiti, na ni vizuri anayekitamani aijue kabla ya kuanza kununua suti.

Tuliporudi kutoka mahafali tulipita sehemu kula ndizi nyama. Baba mkubwa alikuwa amemwomba bintiye amweleze tena vile vyeo, na sasa akavielewa vizuri kuliko mimi. Kisha akaweka kijiko chini.

"Kuna kijana alikuja chamani kwetu, mwaka juzi au juzi ile nyingine. Alisema anasoma udaktari, si wa sindano, ule mwingine. Chuo sikumbuki. Akatuuliza maswali siku tatu, tukamfungulia vitabu vyote, hata vya wakati wa marehemu katibu. Akasema atatuletea majibu."

"Akaleta?"

"Hajaleta. Lakini nadhani alishafaulu." Akachukua kijiko tena. "Wewe unajuana nao hao. Mwulize huyo makamu wenu, huyo ambaye ndiye mkuu: mtu akishapewa cheo kwa vitabu vyetu, ni nani kazi yake kuturudishia majibu? Maana ile hasara ya msimu ule, sisi bado hatujui ilitokea wapi."